Kilomita za Yokohama na kilomita za Kitonga

Katika soko la magari la Mbeya na Iringa, tarakimu inayosomwa kabla ya nyingine zote ni ile ya odometa, yaani kifaa cha kwenye dashibodi kinachohesabu kilomita ambazo gari limekwenda tangu litoke kiwandani, na kwa tarakimu hiyo dalali na mnunuzi hulinganisha magari ya aina mbili ambayo hayalingani kwa urahisi. Aina ya kwanza ni gari lililotumika ng'ambo, hasa Japani, likashushwa bandarini Dar es Salaam na kuuzwa likiwa bado halijawa na mmiliki nchini. Aina ya pili ni gari la kampuni ile ile, pengine hata toleo lile lile, ambalo limekwisha kuvaa namba za Tanzania na kupita mikononi mwa mtu mmoja au zaidi. Gari dogo lililoundwa nchini halimo katika ulinganisho huu, kwa kuwa Kibaha, ambako kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania na ambako leo kampuni ya GF huunganisha malori ya FAW, imejulikana zaidi kwa magari ya mizigo.

Namba za usajili zenyewe hupotosha. Herufi ya kwanza kati ya tatu za mwisho kwenye kibao hupanda kwa mfuatano wa abjadi kadiri usajili unavyoendelea, na ndiyo maana watu husema "namba C", "namba D" au "namba E" na kuongeza bei kwa kila herufi inayopanda. Herufi hiyo, hata hivyo, huonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, wala haionyeshi lini liliundwa. Toyota IST ya mwaka 2004 iliyoingia nchini juzi huvaa namba E, ilhali gari lililoundwa miaka sita baadaye na kuagizwa mapema linaweza kuwa na namba C.

Sifa ya magari ya Japani ina msingi wa kweli. Sheria ya huko hulazimisha ukaguzi unaoitwa shaken, ambao hufanyika miaka mitatu baada ya gari dogo kusajiliwa likiwa jipya na kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama yake huwafanya wamiliki wengi waachane na gari ambalo injini yake bado ina nguvu. Gari la familia huko huenda kwa wastani kilomita zisizozidi sana 10,000 kwa mwaka, juu ya lami nzuri, na kwa kuwa Wajapani nao huendesha upande wa kushoto, usukani hauhitaji kuhamishwa. Kutokana na wastani huo, gari la miaka 14 linaloonyesha kilomita 48,000 linaweza kuwepo, lakini linastahili swali, na jibu hutafutwa katika karatasi za Kijapani zinazofuatana na gari, yaani cheti cha kufutiwa usajili na karatasi ya mnada, ambayo hutoa daraja la hali ya gari na kwa kawaida hutumia herufi R kwa lile lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Muuzaji anayesema karatasi hizo zimepotea amekwisha kujibu.

Tena si kila kilomita ya Japani ni laini. Probox iliyotumiwa na kampuni inaweza kufika na kilomita 200,000 ikiwa na injini nzima, kwa sababu kilomita hizo zilipatikana katika safari ndefu na za mwendo sawa, huku oili ikibadilishwa kwa ratiba ya ofisi. Gari la mjini lenye kilomita 60,000 linaweza kuwa lilikwenda mwendo wa dakika kumi kumi, likizimwa kabla injini haijapata joto. Katika maeneo ya kaskazini kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji na barafu, kutu hula sehemu za chini ya gari mahali ambapo picha za mtandaoni hazifiki. Baadhi ya magari hufika yakiwa bado na matairi ya theluji, ambayo mpira wake ni laini kwa makusudi na haukutengenezwa kwa ajili ya lami ya joto, na kwa matairi hayo hayo huanza safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya.

Barabara hiyo ndiyo inayobadilisha hesabu yote. Kutoka bonde la Ruaha Mkuu gari hupanda Kitonga hadi kwenye nyanda za Iringa, hupita baridi ya Mafinga na Makambako, hushuka kuelekea Igawa na Chimala, kisha hupanda tena hadi Mbeya, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Injini ya petroli isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa ndani ya silinda, hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo gari lile lile hufanya kazi ya ziada kwa nguvu pungufu. Umbali wa Iringa hadi Mbeya ni takribani kilomita 330; mchomoko, yaani gari dogo la binafsi linalobeba abiria kati ya miji, ukiifanya safari hiyo mara moja kwa siku kwa siku 300, hufikisha karibu kilomita 100,000 kwa mwaka mmoja. Noah ya namna hiyo ikiuzwa kwa tangazo la "gari la matumizi ya nyumbani", odometa yake, hata kama haijarudishwa nyuma, haitasema ilibeba watu wangapi.

Jambo linaloamua uhai wa injini katika nyanda hizi ni joto, na hapa gari lililotumika nchini lina hatari ambayo la bandarini kwa kawaida halina. Kati ya injini na rejeta kuna temostati, vali ndogo inayozuia maji kwenda kupozwa hadi injini ifikie joto lake la kazi, ambalo kwa injini nyingi huanzia nyuzi 80 hivi. Gari linapochemka, fundi mwenye haraka huing'oa temostati na kumhakikishia mwenye gari kwamba tatizo limekwisha, na katika joto la pwani mwenye gari anaweza kukaa miaka bila kugundua kitu. Gari hilo likiuzwa Uyole au Mufindi, ambako asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali, injini hukaa baridi kwa muda mrefu, kompyuta yake huongeza petroli ikidhani gari limewashwa sasa hivi, na petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kuziacha pistoni zikisugua chuma kikavu. Ajabu ni kwamba injini hiyo hiyo inaweza kuchemka ikipanda Kitonga na mzigo, kwa kuwa katika injini nyingi za Toyota kuondolewa kwa vali hiyo huacha wazi njia ya pembeni, na sehemu ya maji huzunguka bila kufika kwenye rejeta.

Kosa la pili ni kujaza maji ya bomba badala ya kulanti, kimiminika kinachozuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Katika mwinuko wa Mbeya maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mgandamizo unaoshikiliwa na mfuniko wa rejeta. Mpira wa mfuniko huo ukichoka, gasketi ya silinda hedi huwa karibu kuungua. Gia boksi ya CVT, ambayo badala ya gia hutumia mkanda na puli, nayo imeuawa katika gereji nyingi kwa kumiminiwa oili ya gia boksi ya kawaida.

Pamoja na hayo, gari la namba D lililokaa Njombe au Iringa kwa mmiliki mmoja mwenye stakabadhi za matengenezo, hata likiwa na kilomita 180,000, lina haki ya kushindana na la bandarini lenye 70,000. Bushi na shokapu zake zimekwisha kubadilishwa kwa kufuata barabara za huku, ilhali za gari la Japani, zenye mpira uliozeeka kwa miaka mingi, hukatika katika miezi ya kwanza baada ya kukutana na makorongo ya Ismani au Chunya, na mnunuzi hulipa mara ya pili. TRA, yaani mamlaka ya mapato, nayo hutazama umri wala si kilomita: gari la abiria linaloingizwa likiwa na zaidi ya miaka 10 hutozwa ushuru wa ziada wa asilimia 30 kwa sababu ya uchakavu, juu ya ushuru wa forodha na VAT. Hivyo sehemu kubwa ya bei ya gari kuukuu la bandarini ni kodi, na fedha hiyo hiyo katika gari lililotumika nchini hutosha kushusha injini na bado ikabaki ya matairi.

Ukaguzi wenye manufaa kuliko odometa hauhitaji mashine. Magari kadhaa madogo ya Toyota, Vitz ikiwa mojawapo, hayana mshale wa joto bali yana taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi na kuzimika ikipata joto. Mnunuzi wa Mbeya anayelikuta gari limelala nje, akaliwasha alfajiri na kuliendesha kwa utulivu kuelekea Mbalizi, hutarajia taa hiyo izimike mapema. Ikiwa bado inawaka anaposhuka Iwambi, temostati ama haimo au imekwama wazi, na bei iliyotajwa na dalali inapaswa kuzungumzwa upya hapo hapo barabarani.