Mbavu Zikivunjika, Mgonjwa Akohoe

Tuseme mtu wa Mkunya amepanda mkorosho kukata matawi makavu. Tawi limekatika, naye ameangukia ubavu. Hawezi kucheka. Hawezi kukohoa. Hata kuvuta pumzi ni taabu. Watu wa nyumbani wanaleta khanga na kumfunga kifua kwa nguvu. Wamefanya hivyo kwa upendo, lakini wamekosea.

Mtu ana mbavu 24, yaani 12 kila upande. Ubavu uliovunjika hautiwi plasta kama mguu. Kwa kawaida huunga wenyewe kwa muda wa wiki 6 hivi. Hatari kubwa inatokana na maumivu. Mwenye maumivu huvuta pumzi fupi fupi na kuzuia kikohozi. Makohozi hubaki mapafuni, vijidudu huzaliana humo, na mgonjwa hupata nimonia. Nimonia hiyo huua, hasa wazee. Na kile kifua kilichofungwa kwa khanga hakiwezi kujaa hewa.

Kwa hiyo lazima maumivu yatulizwe. Kwanza hutumiwa vidonge. Visipotosha, iko sindano ya ganzi. Chini ya kila ubavu hupita mshipa wa fahamu. Mshipa huo ndio upelekao habari ya maumivu kwenye ubongo. Mtaalamu huweka dawa karibu na mshipa, na habari haifiki. Dawa yenyewe ni ya jamii ile ile anayoitumia mganga wa meno. Mgonjwa halali usingizi. Yu macho, anazungumza, na sasa anaweza kukohoa. Ganzi nyingine hudumu saa moja au mbili, nyingine saa nyingi zaidi.

Sindano hii haichomwi nyumbani, wala si kila hospitali inayo. Ikizidi kwenda ndani hutoboa pafu.

Ganzi haiungi mfupa. Humpa mgonjwa nafasi ya kufanya kazi yake. Kila saa aketi, avute pumzi ndefu mara kadhaa, kisha akohoe. Akikohoa, akumbatie mto au shuka iliyokunjwa mahali panapouma.

Akihema kwa shida, akikohoa damu, au tumbo likimwuma, msingoje kesho. Mbavu za chini kushoto hufunika wengu, na za kulia hufunika ini. Viungo hivyo vikipasuka, damu humwagika ndani bila kuonekana. Tafuteni gari mara moja mumpeleke hospitali, Newala au Ndanda. Njiani akae ameegemea, kama anaweza, na mtu amshike barabara inapokuwa mbaya.