Picha mbaya yaponza waridi zuri sokoni

Wafanyabiashara wa maua wa kanda ya kaskazini wana kifaa kimoja ambacho wengi wao bado wanakihesabu kuwa ni cha harusi na mahafali tu, nacho ni kamera. Siku hizi bei ya ua huanza kupangwa kabla ua lenyewe halijamfikia mnunuzi.

Katika mnada wa Aalsmeer nchini Uholanzi, uliotokana na kuungana kwa minada miwili ya mji huo mwaka 1968, bei huanzia juu na kushuka kwa sekunde chache hadi mnunuzi mmoja abonyeze kitufe. Zamani toroli za maua zilipitishwa mbele ya wanunuzi waliokaa ukumbini. Leo wengi hununua wakiwa ofisini kwao kupitia kompyuta, wakitazama picha na maelezo ya daraja. Huku kwetu nako, mpambaji wa Dar es Salaam huagiza waridi la Arusha kwa picha iliyotumwa kwa simu. Picha ndiyo sampuli.

Hasara ya jambo hili naijua kwa karibu. Mwaka jana nilimpigia shangazi yangu picha za mawaridi ya rangi ya krimu, saa sita mchana, chini ya neti ya kijani ya kuzuia jua. Kwenye simu yalionekana meupe yenye ukijani kidogo, rangi inayopendwa sana na wapambaji wa harusi. Mteja akaagiza mafungu 40. Mzigo ulipofika akasema si maua aliyoonyeshwa, na kusema kweli hayakuwa hayo. Tuliuza kwa nusu bei jioni ile ile ili yasiozee mikononi. Shangazi hakunigombeza; aliniuliza tu kama chuoni walitufundisha pia kupiga picha.

Kosa lilikuwa mwanga. Neti ya kijani, turubai la bluu, hata ukuta uliopakwa rangi, vyote humwaga rangi yake juu ya petali. Jua la mchana nalo katika latitudo zetu hupiga utosini: petali za juu huungua zikawa nyeupe pee, na moyo wa ua hubaki shimo jeusi. Mwanga unaofaa ni wa saa moja hadi saa tatu asubuhi, au wa siku ya mawingu, au wa dirishani pasipoingia jua moja kwa moja. Ikibidi kupiga juani, tandaza shashi nyeupe kati ya jua na ua.

Ua liwekwe mwanga ukitokea ubavuni. Mwanga wa mbele, hasa wa flashi, hulaza kila kitu na petali hupoteza mikunjo yake. Ule wa ubavuni huonyesha mishipa na unene wa petali, na upande wa pili ukiwa na giza mno, simamisha karatasi ya manila nyeupe iurudishe. Wauzaji wengine hawaupendi kwa sababu huonyesha pia madoa ya ukungu wa kijivu. Lakini doa lisiloonekana pichani litaonekana boksi likifunguliwa, na hapo mazungumzo ni ya fidia.

Rangi nyekundu ina ukaidi wake. Kamera huijaza mpaka waridi zima likawa bonge moja lisilo na petali. Gusa ua kwenye kioo cha simu kisha punguza mwanga kidogo. Ua jeupe likijaza picha, kinyume chake: kamera hulifanya la kijivu, hivyo ongeza.

Simu ina hila nyingine ambayo wachache wanaijua. Ukiisogeza karibu mno, kilicho mbele hukuzwa kuliko kilicho nyuma, na tumba la kawaida huonekana kubwa kama ngumi. Mnunuzi anayelipia ukubwa wa kichwa atadai. Rudi nyuma kiasi cha hatua moja, vuta kwa zumu, na weka rula kando ya ua katika picha moja. Wenye kamera na lenzi ya karibu wakumbuke kwamba ukisogea sana, eneo linaloonekana kali hupungua hadi milimita chache. Punguza tundu la lenzi hadi f/11 au zaidi, tumia miguu mitatu, na elekeza fokasi kwenye petali ya mbele. Upepo ukivuma, ingia ndani.

Kuhusu mpangilio, Mjerumani Karl Blossfeldt, ambaye kitabu chake cha picha za mimea kilitoka mwaka 1928, aliweka mimea yake mbele ya mandhari tupu. Kadibodi nyeusi au ya kijivu inatosha. Piga moja kutoka ubavuni, usawa wa tumba, ili kiwango cha kufunguka kionekane, na moja kutoka juu. Matone ya maji yanayonyunyiziwa kwa urembo yaachwe: mnunuzi mzoefu akiona unyevu huwaza ukungu.

Gharama? Shashi, manila na rula. Lenzi ya bei mbaya ingoje.

Shangazi sasa hupiga mwenyewe, saa mbili asubuhi, kwenye meza iliyo barazani. Mteja yule amerudi, ingawa kwa oda ya kwanza alichukua mafungu 10 tu.