Mlango wa moto ni wa kurudisha, si wa kutia kufuli

Watu wengi wanaokufa ndani ya nyumba inayoteketea hawauawi na miali ya moto. Huuawa na moshi. Ndani ya moshi mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayeivuta huumwa kichwa, hushikwa na kizunguzungu, hulegea na kuzirai. Aliyelala huenda asiamke kabisa.

Kwa sababu hiyo, mlango ni jambo la afya kama yalivyo maji safi. Mlango uliorudishwa huzuia moshi na kumpa mtu dakika za kujiokoa. Mlango uliotiwa kufuli humzuia mtu huyo huyo asitoke.

Wengi huchanganya milango ya aina mbili. Mlango wa kuzuia moto hutengeneza kizuizi baina ya jikoni na vyumba, au baina ya ujia na ngazi. Hutengenezwa ili uhimili moto kwa muda maalumu, mara nyingi dakika 30 au 60. Huu lazima ukae umerudishwa wakati wote. Mlango wa kutokea ni ule unaowapeleka watu nje, na lazima ufunguke kwa urahisi kutoka ndani bila kutafuta ufunguo. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaostahili kufuli watu wakiwa ndani.

Madhara ya kupuuza jambo hili yanajulikana nchini. Mnamo Machi 1998, wasichana 26 walifariki katika bweni la shule ya Bombolulu huku kwetu Pwani. Mnamo Machi 2001, wavulana 67 waliangamia Kyanguli, Machakos. Katika mikasa yote miwili kulikuwa na mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka milango ya mabweni ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwamo, na madirisha yasiwe na vyuma. Hata hivyo, Septemba 2024 wavulana 21 walikufa katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri.

Je, hali ikoje mtaani kama Shella, Malindi? Hapa nyumba za wenyeji zimekaribiana, na ufukweni kuna hoteli na nyumba za wageni, nyingi zikiwa zimeezekwa makuti. Makuti makavu hushika upesi, na upepo wa kaskazi hurusha cheche kutoka paa moja hadi jingine. Isitoshe, katika baadhi ya nyumba za makuti kuta za vyumba haziendi mpaka juu, na paa ni moja kwa vyumba vyote. Katika nyumba ya namna hiyo, mlango uwe bora vipi, moto utapita juu yake. Kwa hivyo ukaguzi uanzie darini: ukuta unaoshika mlango wa kuzuia moto ni lazima ufike juu bila tundu.

Baada ya hapo, mkaguzi na atazame mambo yafuatayo:

Kwanza, aufungue mlango na kuuachilia. Mlango wa kuzuia moto unafaa ujirudishe wenyewe hadi kitasa kishike. Ukibaki wazi kidogo, haufai.

Pili, atazame upenyo kati ya ubao na miimo. Kwa kawaida usizidi milimita 4. Kandokando hapo huwekwa ukanda unaovimba ukipata joto na kuziba upenyo. Ukanda uliobanduka au kupakwa rangi nyingi ubadilishwe.

Tatu, akague bawaba. Hewa ya chumvi ya baharini hula chuma, na skrubu zilizolegea huufanya mlango uning'inie.

Nne, aangalie kama ubao umepasuka, umeliwa na mchwa, au umetobolewa kupitisha nyaya.

Tano, aondoe jiwe, kiti au mtungi wa gesi unaouzuia mlango usijirudishe. Pale ambapo jikoni pana joto, dawa ni kuongeza matundu ya hewa kwenye ukuta wa nje, wala si kuuegemeza mlango kwa jiwe.

Sita, atembee hadi mlango wa kutokea taa zikiwa zimezimwa. Akikuta magodoro, makreti ya soda au komeo lisilofunguka kwa mkono mmoja, hapo pana hatari.

Kwa mahali pa kazi, hoteli zikiwamo, kanuni za kupunguza hatari ya moto za mwaka 2007 hutaka pafanyiwe ukaguzi wa moto na mkaguzi aliyeidhinishwa kila miezi 12. Lakini mwaka ni mrefu. Meneja au mlinzi anaweza kupitia orodha hii kila mwezi bila gharama.

Nyumbani nako, wengi hutia kufuli mlango wa chuma usiku kwa kuhofia wezi. Wakifanya hivyo, ufunguo ukae mahali pamoja karibu na mlango, watoto wapajue, lakini mtu wa nje asiufikie.

Moto ukizuka, gusa mlango kwa mgongo wa mkono kabla ya kuufungua. Ukiwa moto, usiufungue; ziba chini kwa nguo iliyolowa, kisha itia msaada dirishani. Penye moshi, tambaa, kwani hewa nafuu iko chini. Aliyeungua amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala yai. Aliyevuta moshi apelekwe hospitali hata akijihisi mzima, hasa sauti ikikwaruza au akiwa na masizi puani.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, rudisha mlango wa jikoni, kisha hakikisha kila mtu nyumbani anajua ufunguo uko wapi.