Mbwa Akiumia Mguu: Tumhudumieje Nyumbani bila Kujidhuru?

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia magonjwa ya binadamu: malaria, kichocho, utapiamlo wa watoto na mengineyo. Mwezi huu tunazungumzia mguu wa mbwa. Msishangae. Mkono unaofunga kidonda cha mbwa ni mkono wa mtu, na mara nyingi ni mkono wa mtoto, kwa sababu katika kaya nyingi za Kisesa na vijiji vya jirani mtoto ndiye rafiki wa kwanza wa mbwa. Ndiye anayemwona akichechemea, na ndiye anayemshika mguu kabla mkubwa hajajua.

Mbwa wa kwetu hakai ndani. Hufuatana na wachungaji kati ya mawe na miiba, huwafuata wavuvi mwaloni, hupekua majalala ya sokoni, na usiku hulinda boma. Kwa hiyo kuumia mguu kwake ni jambo la kawaida. Atakanyaga chupa iliyovunjika, kipande cha bati, mwiba wa mgunga, ndoano ya sangara au kaa la moto. Majeraha mengi ya namna hii hupona nyumbani kwa maji, chumvi, kitambaa safi na subira. Lakini kabla ya kuchukua maji, liko swali moja ambalo halina budi kujibiwa: je, ameumizwa na nini?

Kama mbwa ameumwa na mbwa mwingine asiyejulikana, au na fisi au mbweha, jeraha hilo si la kawaida tena. Huenda limeingia virusi vya kichaa cha mbwa. Virusi hivyo hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, na humwingia mtu kwa njia ya kuumwa, au mate yakigusa mchubuko, jicho au mdomo. Mkimkuta mbwa wenu na alama za meno mguuni, msimshike kwa mikono mitupu. Jeraha bichi kama hilo linaweza bado kuwa na mate ya yule aliyemuuma. Vaeni glavu, na zikikosekana vaeni mifuko mikononi. Mfungeni mbali na watoto, kisha mpelekeeni habari bwana mifugo wa kata siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano. Yeye ndiye atakayeamua juu ya chanjo na juu ya muda wa kumtenga.

Liko jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Kichaa cha mbwa huweza kuanza kwa sura ya ugonjwa wa mguu. Baada ya wiki au miezi tangu aumwe, kidonda kikiwa kimekwisha kupona, mbwa huanza kulamba na kutafuna mahali pale pale alipoumwa, kana kwamba panamwasha. Mwingine huanza kuburuta miguu ya nyuma kwa sababu mishipa ya fahamu imeanza kupooza. Mwenye mbwa humkagua, haoni mwiba wala mkato, akadhani ameteguka. Hivyo basi, mbwa anayechechemea bila kidonda chochote, huku tabia yake imegeuka, asikaguliwe na mtu. Tabia hugeuka kwa namna nyingi: mkali huwa mpole na kujificha gizani, mpole huwa mkali, sauti hukwaruza, udenda humtoka, hushindwa kumeza, hutafuna vijiti na udongo. Mtu asimtie mkono mdomoni kwa kudhani amekwamwa na mfupa. Wako waliopata ugonjwa kwa njia hiyo.

Tukisema hatari hatutii chumvi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba watu wapatao 1,500 walikuwa wakifa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka hapa Tanzania, idadi iliyo kubwa mara nyingi kuliko ile iliyoandikwa katika taarifa za serikali, kwa maana wengi hufia nyumbani. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu wote hufa. Zisipoanza bado, karibu wote huokoka, ikiwa watatibiwa mapema na kwa ukamilifu. Kwa hiyo aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15. Dakika 15 ni ndefu kuliko mnavyofikiri, tazameni saa. Asipake pilipili wala mafuta, wala asiweke lile jiwe jeusi la nyoka ambalo wazee wengi wanalijua. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Kisesa iko kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, usafiri upo. Chanjo hutolewa kwa awamu kadhaa, na wajawazito na watoto wachanga nao huchanjwa. Anayeacha katikati kwa sababu kidonda kimepona amejiweka hatarini, kwani kupona kwa kidonda na kukingwa na kichaa ni mambo mawili mbalimbali.

Sasa turudi kwa mbwa aliyekatwa na chupa tu. Hata huyu anaweza kumuuma bwana wake, si kwa ubaya bali kwa maumivu. Chukueni utambaa mrefu wa kanga au kitenge, tengenezeni kitanzi, mvisheni puani katikati ya macho na ncha ya pua, kazeni fundo chini ya kidevu, halafu mfunge ncha mbili nyuma ya masikio. Ajifunze kufanya hivyo mtu mzima ambaye mbwa anamzoea, na wa pili amshike. Mbwa anayetapika au kuhema kwa shida asifungwe mdomo. Hata mzima asifungwe muda mrefu, kwa sababu mbwa hujipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na jua letu linajulikana.

Damu ikitoka, kandamizeni kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufunuafunua kuchungulia. Ikiruka kwa vishindo, au isipokoma, endeleeni kukandamiza na mwiteni bwana mifugo. Ikikoma, osheni kidonda kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, lita moja kwa vijiko viwili vya chai vya chumvi visivyojaa kilima. Mimineni maji mengi, msisugue. Kisha tazameni kwa makini kati ya vidole na chini ya ile ngozi nene ya unyayo. Kipande cha chupa kinachoonekana kitolewe taratibu. Kilichozama sana kiachwe kwa mtaalamu.

Ndoano ina shida yake. Ina kijino kinachozuia isirudi nyuma, kwa hiyo kuivuta ni kuchana nyama. Ikiwa ncha iko karibu na ngozi, husukumwa mbele hadi kijino kitokeze upande wa pili, kikakatwa kwa koleo, ndipo shina lirudishwe nyuma. Ikiwa imezama, msijaribu. Miiba ya nungunungu nayo hutokea kwa mbwa wa kuwindia. Pale Bujora, katika Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, historia ya Wanunguli, chama cha wawindaji wa nungunungu, imehifadhiwa, na bila shaka mbwa wao waliyajua maumivu hayo. Mwiba huo uvutwe moja kwa moja kwa koleo, ukishikwa karibu na ngozi, usivunjike ndani.

Tusisahau funza. Mdudu huyu hakuwa wa bara letu. Aliletwa na meli kutoka Brazili hadi pwani ya Angola mwaka 1872, akasambaa kwa miguu ya wapagazi na wasafiri, na kabla karne ya 19 haijaisha alikuwa amefika pande zetu za Ziwa. Hupenda unyayo wa mbwa kama apendavyo vidole vya watoto. Mkiona vivimbe vyenye kitone cheusi katikati, kati ya vidole vya mbwa, tazameni na miguu ya watoto wanaolala nyumba hiyo, kwa maana wote wanakanyaga vumbi moja. Mtakayemtoa funza, iwe kwa mbwa au kwa mtu, tumieni kifaa safi kisichochangiwa, na banda la mbwa lifagiliwe na kumwagiwa maji.

Baada ya kuosha, wengi wetu huharibu kazi. Tumeona vidonda vya mbwa vikipakwa dizeli, oili chafu, unga wa betri, majivu ya moto na samadi. Vyote hivyo huunguza nyama au huingiza uchafu, na unga wa betri ni sumu ambayo mbwa huilamba. Spiriti nayo huunguza, iacheni. Asali safi, ikipakwa kidogo chini ya kitambaa, ni dawa nzuri ya kidonda na inapatikana. Pamba isiwekwe juu ya kidonda moja kwa moja, ingawa sisi ni watu wa pamba. Nyuzi zake hunasa katika kidonda. Iwekwe juu ya kitambaa, iwe mto tu.

Na dawa za watu zibaki za watu. Diklofenaki na ibuprofeni huchubua tumbo la mbwa na kuharibu figo, na panadoli huweza kuua ini lake. Kidonge kinachomtuliza baba mwenye kilo 70 ni kingi mno kwa mbwa mwenye kilo 12. Dawa ya maumivu ya mbwa ipo. Ni bwana mifugo anayejua kipimo.

Bandeji ifungwe kuanzia vidoleni kupanda juu, isikaze sana. Vidole vikivimba au vikiwa baridi, fungueni upesi. Ibadilishwe kila siku, na wakati wowote ikilowa, kwa sababu kitambaa kibichi huozesha ngozi. Mbwa akitoka kwenda haja, funikeni mguu kwa kipande cha nailoni ngumu na mkiondoe akirudi. Zamani tungesema mfuko wa rambo, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Kazi ngumu kuliko zote ni kumzuia asilambe. Hapa tunakutana na imani kwamba mate ya mbwa ni dawa, hata wazazi wengine huwaachia mbwa walambe vidonda vya watoto. Wapo wanaomtaja Lazaro wa Injili ya Luka, sura ya 16, ambaye mbwa walilamba vidonda vyake. Injili haisemi kwamba alipona, inasema alikufa. Wengine humtaja Mtakatifu Roko, anayekumbukwa tarehe 16 Agosti, ambaye kwa mapokeo mbwa alimletea mkate na kulamba vidonda vyake. Mapokeo hayo yanatufundisha huruma, hayatupi maelekezo ya zahanati. Ulimi wa mbwa umebeba vijidudu vingi, na mate ya mbwa mwenye kichaa huwa na virusi siku kadhaa kabla dalili hazijaonekana. Mbwa asilambe kidonda cha mtu yeyote. Na ili asilambe cha kwake, toboeni kitako cha ndoo ndogo ya plastiki iliyochakaa, laini kingo zake kwa kitambaa, mvisheni shingoni mdomo wa ndoo ukielekea mbele. Atachukia siku ya kwanza, atazoea siku ya pili. Wakati wa kula avuliwe.

Bwana mifugo aitwe bila kungoja endapo mkato umeachama au mfupa unaonekana, usaha unanuka, mguu umevimba kupanda juu, mabuu ya inzi yameonekana, au mbwa hakanyagi kabisa kwa zaidi ya siku mbili. Mkato unaohitaji kushonwa ushonwe siku ile ile.

Wenye nyumba watauliza: nani atalinda usiku? Swali ni la haki, kwani wezi wa mifugo hawangoji mbwa apone. Lakini ngozi mpya ya unyayo ni laini kama ya mtoto mchanga, na mbwa akiachiwa mapema atapasuka upya, kisha kazi ya wiki mbili iwe ya miezi miwili. Afungwe karibu na zizi kwa kamba ndefu, mahali pakavu. Kubweka anaweza, na kubweka ndiko kunakohitajika. Achunguzwe mguu kila jioni hadi mwezi uishe.

Na kwa kuwa bwana mifugo amekwisha kuitwa, aulizwe juu ya chanjo ya kichaa. Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka, na ikichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi huwa na chanjo siku zinazokaribia hapo, sikilizeni matangazo. Cheti mtakachopewa kiwekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, kwa sababu siku mbwa huyo akimuuma mtu, jambo la kwanza mganga atakaloulizia ni cheti hicho.