Krismasi Angani: Adui Akikuita, Utaitika?

Mimi si mpenzi wa filamu za vita. Bunduki zikianza kulia, huwa naenda zangu jikoni kumsaidia mama. Lakini likizo ya Desemba iliyopita nilikaa kitako mbele ya runinga, nikatazama kipindi kimoja hadi tamati.

Kipindi hicho kimo katika mfululizo wa Kimarekani uitwao Space: Above and Beyond, uliobuniwa na Glen Morgan na James Wong. Ulionyeshwa kwao kuanzia Septemba 1995 hadi Juni 1996, kisha ukakatizwa baada ya msimu mmoja tu. Matukio yake yamewekwa mwaka wa 2063. Viumbe kutoka anga za mbali wamewashambulia walowezi wa kibinadamu, na kikosi cha 58 cha wanajeshi wa Marine wa Marekani kinapambana nao. Askari wenyewe ni vijana wabichi.

Kipindi cha Krismasi kinaitwa The River of Stars, yaani Mto wa Nyota, na kilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1995. Vijana hao wamekwama katika chombo kilichoharibika, wanaelea tu. Hapa fizikia inaingia. Matatu ikizimika injini barabarani, msuguano utaisimamisha. Angani hakuna lami wala hewa. Newton alieleza kwamba kitu kinachokwenda huendelea kwenda mpaka nguvu nyingine ikizuie. Kwa hivyo chombo kibovu hakisimami kungoja fundi; kinazidi kuyoyoma, na hewa ya kupumua ni ile iliyomo ndani tu.

Katika dhiki hiyo wananasa ujumbe wa kuwaelekeza, na mtumaji hajulikani. Je, ni mwenzao au ni adui? Wakiufuata, huenda ni mtego. Wakiupuuza, huenda ndiyo njia pekee ya kurudi.

Binamu yangu akaangua kicheko. "Adui akuokoe? Wacha hizo! Dawa ya moto ni moto."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu Agosti, alipoivunja baiskeli yangu akakataa katakata kuitengeneza. Nikamjibu kwa somo la historia. Desemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wengi wa Uingereza na Ujerumani huko Ubelgiji na Ufaransa waliacha kupigana siku ya Krismasi. Waliimbiana nyimbo kutoka mahandakini, wakatoka, wakapeana mikono na sigara, wakazika maiti zao. Wakubwa wao walikasirika, na mwaka uliofuata amri kali zilitolewa jambo hilo lisirudiwe. Vita viliendelea hadi Novemba 1918.

"Unaona? Haikusaidia kitu," binamu akasema.

Nilikosa jibu la haraka. Lakini nimefikiri, na hili ndilo jibu langu: ni kweli vita havikwisha, ila siku hiyo kuna watu ambao hawakufa. Na lazima kulikuwa na mmoja aliyetoa kichwa handakini kwanza, hali akijua anaweza kupigwa risasi. Kipindi kile kinauliza kama wewe ungethubutu.

Mwisho wake sikwambii, ukajionee mwenyewe. Baiskeli yangu ingali mbovu ukutani. Lakini siku hizi tunasalimiana, na niliyeanza ni mimi.