Mtunzi wa vikwazo hulazimika kuvivuka kwanza

KUTUNGA njia ya vikwazo katika mchezo wa video si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kutunga njia ambayo mwingine ataweza kuipita. Ndiyo maana kampuni ya Nintendo ya Japani, ilipoanza kuuza mchezo wa Super Mario Maker Septemba 2015, iliuwekea sharti moja: mtunzi hawezi kuisambaza njia yake kwa wachezaji wengine hadi aimalize yeye mwenyewe.

Mchezo huo, uliotengenezwa kwa ajili ya mashine ya Wii U, uliwapa wachezaji kazi ambayo kwa miaka 30 ilikuwa ya wabunifu wa kampuni. Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, walipobuni Super Mario Bros. iliyotoka mwaka 1985, walichora njia zake kwa mkono kwenye karatasi za miraba, ndipo wataalamu wa programu wakaziingiza katika mashine. Super Mario Maker iliihamishia karatasi hiyo kwenye kioo cha kugusa.

Kwa kalamu maalumu, mtunzi hupachika matofali, mabomba, miiba, uyoga na kobe wenye mabawa. Akigusa alama moja tu, mchoro hugeuka mchezo naye huanza kuucheza. Akirudi kwenye uchoraji, hukuta vivuli vya Mario vimebaki hewani, vikionyesha aliruka kutoka wapi, alifika juu kiasi gani na alitua wapi. Mtunzi makini huvitumia vivuli hivyo kama fundi mwashi atumiavyo kamba: hajengi kikwazo kwa kukisia, bali hukiweka pale mruko unapopita.

Watunzi wachanga wengi hurundika maadui mahali pamoja wakidhani wingi ndio ugumu. Matokeo yake huwa ni fujo tu.

Mfano bora wa kuigwa ungali ni njia ya kwanza kabisa ya Super Mario Bros. Ndani yake zipo ngazi mbili za matofali zinazotazamana, na katikati yake pana sakafu. Anayekosea kuruka huanguka hapo, lakini hafi. Hupanda na kujaribu tena. Mbele kidogo hukutana na ngazi nyingine mbili za namna hiyo hiyo, isipokuwa safari hii katikati hakuna sakafu. Mchezaji hakusomewa maelezo yoyote, lakini anapofika kwenye shimo la kweli huwa ameshafanya mazoezi.

Sarafu nazo hufanya kazi ya vibao vya barabarani. Zikipangwa hewani kwa umbo la upinde, humwonyesha mchezaji aruke vipi na atue wapi. Kinyume chake ni tofali lisiloonekana lililowekwa juu ya shimo ili kumgonga mrukaji kichwani. Aliyeuawa na kitu asichoweza kukiona hajifunzi lolote, na mara nyingi huiacha njia hiyo moja kwa moja.

Sharti la mtunzi kumaliza njia yake lilikusudiwa kuzuia ukatili wa aina hiyo, lakini lina mianya. Mtunzi anaweza kuficha njia ya mkato aijuaye yeye peke yake, akapita humo wakati wa kuthibitisha, na kuwaachia wenzake njia karibu isiyopitika. Programu huhakikisha tu kwamba mwisho umefikiwa. Haimuulizi mtu amefikaje.

Mwanya mkubwa zaidi ulijulikana mwaka 2024. Nintendo ilikuwa imetangaza mwaka uliotangulia kwamba huduma za intaneti za Wii U zingefungwa Aprili 2024. Kundi la wachezaji linalojiita Team 0% lilikuwa likikimbizana na muda ili kumaliza kila njia ambayo hakuna aliyewahi kuivuka isipokuwa mtunzi wake.

Katikati ya Machi ilikuwa imebaki moja, Trimming the Herbs, iliyosambazwa mwaka 2017. Urefu wake ni takriban sekunde 17 tu, lakini karibu kila mruko ulihitaji kitufe kibonyezwe katika sehemu ndogo mno ya sekunde. Wachezaji hodari walijaribu maelfu ya mara bila mafanikio.

Machi 22, mtunzi wake alikiri hadharani kwamba hakuwahi kuimaliza kwa mikono yake. Alitumia chombo kilichopangwa kubonyeza vitufe kwa niaba yake. Picha za mchezo huo hubadilika mara 60 kwa sekunde, na chombo cha namna hiyo hakikosei hata picha moja, tofauti na kidole cha binadamu.

Kundi hilo liliamua kwamba njia iliyopitishwa kwa hila haihesabiki, likatangaza kuwa kazi yake imekamilika. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwani hakuna anayepaswa kudaiwa jambo ambalo mwenyewe aliyelitunga hakulitenda.

Hata hivyo, si wote walioweka chini vifaa vyao. Aprili 5, siku 3 kabla ya huduma kufungwa, mchezaji mmoja aliivuka Trimming the Herbs kwa mikono yake mwenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho.