Ndafu na Senene Ukumbi Mmoja

Mchaga kuoa Mhaya siku hizi hakumshangazi mtu. Kinachoshangaza ni ratiba ya ukumbini: ndafu, kahawa za kutafuna, mbege, lubisi, ngoma ya kwao bibi harusi, keki ya ghorofa tano, zawadi za makundi kumi na mbili. Saa sita usiku ukumbi unafungwa, na maharusi hawajacheza hata wimbo mmoja waliouchagua wenyewe.

Kama mratibu wa harusi, nawashauri wachumba wakae wawili kabla kamati haijaitisha kikao cha kwanza. Andikeni kila mila inayotajwa pande zote mbili, kisha jiulizeni: hii ni ya nani, na inafanya kazi gani?

Chukua ndafu. Mbuzi huyo mzima aliyechomwa hukatwa mbele ya watu, na wakwe wakilishwa kipande wanajua wameheshimiwa. Keki nayo hukatwa mbele ya watu, wakwe wakalishwa. Ni kazi ileile mara mbili, na kila moja inakula nusu saa pamoja na maneno ya MC. Mimi ningefuta keki.

Kahawa za kutafuna ni tofauti. Bukoba mgeni hukaribishwa kwa punje hizo zilizochemshwa na viungo zikakaushwa, kwa hiyo mahali pake ni mlangoni, wageni wakiingia. Hazihitaji tangazo wala dakika ya ratiba. Senene wapewe sahani yao kwenye meza ya vitafunwa. Msimu wao mkubwa ni Novemba na Desemba, na harusi ya Juni itabidi itumie waliokaushwa.

Utamu wenyewe uko kwenye vinywaji. Mbege hutengenezwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, lubisi kwa ndizi na mtama. Wachaga na Wahaya wote ni watu wa migombani! Wekeni vyungu viwili meza moja, mzee mmoja kutoka kila upande amhudumie mwenzake, na familia zitakuwa zimeshakutana bila hotuba.

Mila zinazobaki zigawanywe kwa shughuli. Sendofu ni ya wazazi wa binti, basi ngoma na mavazi ya Kihaya yatawale huko. Jioni ya harusi ibebe machache ya Kichaga, muda uliobaki uwe wenu. Kama ni watu wa kimya, punguzeni kadi na mfute kuingia kwa madoido. Kama mnapenda rumba, lipieni bendi badala ya mapambo ya dari. Wajumbe wa kamati watanung'unika kwa sababu wamechanga, lakini mchango ni wa kuwasaidia, haununui haki ya kuwapangia kila kitu.

Upande wa sheria, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa, na haiitangui ndoa kwa sababu mahari haijakamilika. Walio Wakatoliki wamuulize paroko mapema, maana parokia nyingi hazifungishi ndoa wakati wa Kwaresima.

Orodha yenu ikishapungua, wapelekeeni wazazi wa pande zote katika wiki ileile, tena nyinyi wenyewe, si kupitia mwenyekiti wa kamati. Mzazi aliyeulizwa mapema huachia mengi. Anayeyasikia kwenye kikao hushikilia yote.